Maneno Yaliyoongezwa Baada ya Mazishi

Waliitwa watu watano, viti vilikuwa vitatu. Madame Vercammen, mkurugenzi wa nyumba ya wazee huko Berchem-Sainte-Agathe, Brussels, aliwaambia wakae, na kabla hajafunga mdomo muuguzi mkuu Sabine alishakaa, mtaalamu wa viungo alishakaa, katibu naye alishakaa. Waliobaki wima ni Driss wa jikoni na Yolande, mhudumu wa ghorofa ya pili. Hakuna aliyesema waletewe viti. Ilikuwa Novemba ya mwaka 2009, na Yolande alikuwa amesimama tangu asubuhi.

"Monsieur Fernand amezikwa wiki iliyopita," mkurugenzi alisema. "Binti yake ameweka wakili. Wakili anataka kuona ripoti zote za baba yake. Sasa, nafungua kompyuta na naona nini? Ripoti ya siku aliyokufa imebadilishwa baada ya yeye kufa. Na si na mtu mmoja. Na watu watano. Ninyi hapa."

Driss aliruka. "Mimi niliifungua tu, Madame! Nilitaka kuona kama nimwondoe kwenye chakula cha wasiokula chumvi. Sikuandika kitu."

"Kompyuta inasema uliibadilisha."

"Basi kompyuta inasema uongo, wallahi."

Sabine alicheka kidogo, akasema naye aliifungua kuisoma, basi. Mtaalamu wa viungo alisema hivyo hivyo. Katibu alisema hivyo hivyo. Kisha mkurugenzi akamgeukia Yolande, akapandisha sauti na kutamka kila neno peke yake, namna watu wanavyoongea na mtoto au na kiziwi. "Na wewe, Yolande? Wewe. Ume. Gusa?"

Yolande alikuwa amefundisha Kifaransa Lubumbashi, katika shule ya sekondari, na watoto wa wakubwa walimwogopa. Alisema, "Hapana, Madame. Sikugusa."

Huo ulikuwa uongo, na nausema mapema ili tusizungushane. Wanne kati ya wale watano walikuwa wasafi. Aliyeandika ni yeye.

"Vizuri," alisema Madame Vercammen. "Ijumaa anakuja fundi wa programu. Atatuonyesha kila mmoja aliandika neno gani. Binti wa marehemu atakuwepo na wakili wake. Atakayekutwa ameongopa, namfukuza, na polisi nitawaita mwenyewe."

Yolande alitoka wa mwisho. Fundi wa programu alikuwa mume wake.

*

Mkurugenzi hakujua jambo hilo, na hakuna aliyekuwa amemficha kwa ubaya. Ghislain alikwenda pale kuweka programu ya ripoti, akaona tangazo la kazi ukutani, akamwambia mkewe. Mke akaomba kazi kwa jina la baba yake, kama wanavyofanya wanawake wote wa Brussels, akaipata. Ghislain alisema afadhali wasitaje, watu wasije wakadhani wamependeleana. Ukimya mdogo tu, wa adabu. Sasa ulikuwa umeota meno.

Lakini alichokifanya Yolande hakikutokana na programu wala na ndoa. Siku ile, saa ya kahawa, mzee Fernand aliteleza karibu na dirisha la chumba chake akaanguka. Yolande alimwinua, akamlaza, akaona uso umebadilika rangi. Akapiga simu ya ndani kumwita Sabine. Sabine alisema wazee wanaanguka kila siku, anakuja akimaliza. Yolande akapiga tena. Mara ya pili Sabine alisema, "Tulia, bibie, hapa si Afrika, hatupigi kelele." Alipofika, mzee alikuwa ameshakata roho, mkono wake mkononi mwa Yolande. Kisha Sabine akasimama nyuma ya bega la Yolande mbele ya kompyuta ya koridoni na kumwambia aandike: siku tulivu, amefariki kwa amani. Yolande aliandika. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule ule, na anayetoa maoni kuhusu mkataba ni Sabine.

Kwao Lubumbashi mtu hazikwi hivi hivi. Kabla ya kumbeba kwenda makaburini, aliyemuuguza anasimama mbele ya watu wote na kueleza: aliugua namna gani, nani aliitwa, nani alikuja, nani hakuja, alisema nini mwisho. Watu wanasikiliza, wanauliza, wanalia. Asiyeeleza anaonekana ana neno tumboni, na neno la marehemu likikaa tumboni mwa mtu linamla. Yolande aliamini hivyo kama anavyoamini kwamba moto unachoma. Basi binti wa mzee, Martine, alipokuja kuchukua vitu vya baba yake, Yolande alisimama koridoni na mikono mbele, akingoja kuulizwa. Martine alipita na sanduku na redio. Alisema, "Pardon," akaingia kwenye lifti.

Siku ya pili baada ya mazishi, Yolande aliona ile kompyuta ya koridoni haina mtu. Akafungua ripoti. Akaandika chini ya maneno ya Sabine: *Papa Fernand alianguka karibu na dirisha. Nilimwita muuguzi mara mbili. Hakuja. Nilikaa naye mpaka mwisho.* Akafunga. Tumbo lake likatulia kwa mara ya kwanza tangu kifo. Mwenye akili zake angesema ni ujinga kufanya matanga ndani ya kompyuta ya watu, na mwenye akili hizo angekuwa na haki. Lakini angeeleza wapi pengine?

*

Ghislain alirudi jioni akiimba. Wanakaa nyuma ya stesheni ya Gare du Midi, ghorofa ya nne, na alipanda ngazi zote akiimba. Keren, binti yao wa miaka saba, alikuwa anaandika mazoezi ya shule mezani. Yolande alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwao.

"Balikuita na weye?" Ghislain aliuliza, kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi. "Patron Jean-Marie ameniambia vyote. Bantu tano! Umeogopa?"

"Minaogopa."

"Usiogope, maman. Ile programme inasema bongo, uongo mutupu. Na kosa ni yangu, miye njo nilifanya mubaya." Alivuta kiti akakaa kinyumenyume. Hakuwa na huzuni hata kidogo, maana kosa ukilijua ni nusu ya dawa. "Sikia. Ripoti iko ndani ya programme yetu, lakini ni document ya kawaida, kama ile bantu bote banaandikaka ku bureau. Pale juu iko na date. Ukifungula, date inajibadilisha yeye peke. Page zinajihesabu tena. Alors document inasema: miye nimebadilika! Na programme yangu inaiamini, bila kuuliza. Ukifunga, inaandika: modifié par Yolande, Yolande amebadilisha. Kumbe Yolande hakugusa hata touche moja."

"Hakugusa," Yolande alisema.

"Njo vile! Ni sawa nikifungula mulango ya jirani, nichungulie, nifunge. Kisha baseme nimeiba, ju mulango ilitikisika."

Keren alicheka. Ghislain naye alicheka. Yolande aligeuka kwenye jiko ili uso wake usionekane.

"Sasa utafanya nini?" aliuliza.

"Minatafuta namna ya kujua kama muntu ameandika kwa kweli. Siulize document tena. Minachukua maneno vile yalikuwa wakati wa kufungula, minachukua maneno vile yalikuwa wakati wa kufunga, minaweka pamoja. Date, minaruka. Page, minaruka. Kama maneno ni yale yale, muntu ni mweupe. Na bahati iko: programme inachungaka copie ya zamani ya kila ripoti. Ijumaa nitafungula mbele ya ule avocat wa mutoto wa muzee, niseme: Monsieur, tazama, bote tano ni beupe. Jina yako itasafishwa, Yolande! Na bwana yako njo atasafisha."

Mwanamke mwingine angeanguka pale pale jikoni na kusema yote. Yolande alipakua. Alijua akifungua mdomo furaha ile ingekufa usoni mwa mumewe, na ilikuwa miezi hajaiona. Tena aliogopa. Kadi zao za makazi zilikuwa zinaisha Desemba, na mtu wa commune, ofisi ya mtaa, asingeuliza kama una ukweli, angeuliza kama una kazi.

"Na kama iko muntu aliandika kwa kweli?" alisema, akimpa Keren maji. "Itaonekana?"

"Ataonekana mara moja. Maneno yake yatatoka na rangi nyekundu." Ghislain alimega tonge. "Juu ya nini unauliza? Ni nani?"

"Hapana muntu."

"Kama ni ule Sabine, minafurahi sana."

*

Ofisi ya Ghislain iko Ixelles, juu ya mgahawa wa Wakameruni, na mchana inanuka ndizi za kukaanga. Jean-Marie, mwenye kampuni, alikuwa Mbelgiji mwenye tabia ya kukaa juu ya meza yako wakati unafanya kazi.

"Nieleweshe," alisema Jumatano. "Nyumba zote za wazee tulizouzia programu hii zina tatizo hilo hilo?"

"Zote, ndiyo."

"Kwa hiyo kwa miaka miwili programu yangu imekuwa inawasingizia watu."

"Nitalirekebisha, Monsieur."

"Unalirekebisha na unalieleza wewe mwenyewe, Ijumaa. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni." Jean-Marie alichukua bahasha ya kahawia iliyokuwa juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na ombi la kibali cha kazi cha Ghislain, ambalo mwajiri anapaswa kulitia sahihi kila mwaka. Aliliangalia kama mtu anayeangalia kama maziwa yameharibika, akalirudisha palepale. "Hili tutaliongea Ijumaa jioni. Sawa?"

"Sawa, Monsieur."

Ghislain akarudi kwenye kazi. Hofu yake ilikuwa ya mtu anayejua pa kukimbilia: akifaulu Ijumaa, bahasha itasainiwa, mke atasafishwa, Krismasi itakuwa Krismasi. Alifanya kazi kwa moyo wote. Alijaribu ukaguzi wake kwa ripoti za wazee wengine, za nyumba nyingine. Programu ilidai zimebadilishwa mara nyingi mno. Ukaguzi ulionyesha karibu zote ni tarehe na kurasa tu. Mahali ambapo muuguzi aliongeza dawa kweli, dawa ilitoka nyekundu. Mahali ambapo mtu alifuta neno na kulirudisha kama lilivyokuwa, ukaguzi ulisema hakuna kitu, na ndivyo ilivyotakiwa. Kilikuwa chombo kizuri. Mwenyewe alikipiga picha kwa simu.

Alhamisi kabla ya mchana aliiingiza ripoti ya mzee Fernand. Driss: mweupe. Mtaalamu wa viungo: mweupe. Katibu: mweupe. Sabine: mweupe, na hapo Ghislain alisikitika kidogo. Yolande: nyekundu.

Alidhani amekosea. Alirudia. Maneno yalitoka yale yale, mistari michache, na la kwanza lilikuwa *Papa*. Katika nyumba ile nzima wazee wanaitwa Monsieur na Madame, ni amri ya mkurugenzi. Ni nani angemwita Mbelgiji mwenye mvi "papa" kwenye ripoti rasmi, kama si mtu aliyelelewa asiweze kutaja jina la mzee likiwa uchi? Ghislain hakuhitaji hata kuangalia jina pembeni. Alisikia sauti ya mkewe ikiyasoma.

"Vipi?" Jean-Marie aliita kutoka mlangoni. "Wote ni weupe?"

Ghislain alizima kioo cha kompyuta. "Bado, Monsieur. Minamalizia," alisema, na ndipo alipogundua kwamba amejibu kwa Kiswahili.

*

Yolande alikuwa na siku ya mapumziko, anapiga pasi. Aliposikia ufunguo saa ile ya mchana alijua. Alizima pasi kwanza, kwa sababu nyumba si yao.

"Nimeona," Ghislain alisema. Hakuvua koti.

"Bon."

"Bon? Njo unajibu vile? Siku mbili minakuimbia hapa kama mujinga, nasema jina yako itasafishwa, na weye uko unaniangalia tu!"

"Ulikuwa na furaha, Ghislain. Ningesema nini?"

"Ungesema: acha!" Alipiga ukuta kwa kiganja, kisha akashusha sauti kwa sababu ya majirani. "Unajua kwenye tuko? Jean-Marie hajasinye papiers zangu. Kadi zinaisha. Kesho nikionyesha ile nyekundu, weye unafukuzwa. Baseme alibadilisha ripoti ya mufu, ni mambo ya polisi. Kisha bajue uko bibi yangu. Baseme tulipanga. Tunapoteza kazi mbili mara moja, na Keren..." Alikaa juu ya nguo zilizokwisha kupigwa pasi, na Yolande hakumkataza.

"Ile maneno ni ya kweli?" Ghislain aliuliza.

"Yote."

"Alikufa ju ule Sabine hakuya?"

"Sijue. Miye si docteur. Minajua alianguka. Minajua niliita. Minajua alikuwa ananishika hivi." Alionyesha, mkono wake wa kulia ukibana wa kushoto. "Balimuzika kama imbwa, Ghislain. Hapana muntu aliuliza. Mutoto wake alipita mbele yangu na redio. Nilikuwa na ile kintu hapa, ndani, siwezi kula, siwezi kupiga magoti niombe. Nikasema, basi, niiweke pale jina yake iko."

"Kwa kompyuta."

"Ungetaka niende kulia mu tram?"

Ghislain alifunika uso. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa anamwonea huruma, na juu ya hayo yote aliogopa. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Iko namna. Ukaguzi unaruka date, unaruka page. Miye njo minauambia iruke nini. Naweza kuuambia iruke na ile mistari. Itapita kama date. Halafu minarudisha ripoti ya mbele, ile ya Sabine. Bote tano beupe. Kwisha."

"Na maneno yangu?"

"Hayakuwapo."

Yolande alishika pasi iliyopoa, akaipitisha juu ya shati ambalo lilishanyooka. Alijua mumewe hakuwa mwongo. Hata nauli ya mtoto kwenye tramu alikuwa analipa bila kuulizwa. Sasa anaomba ruhusa ya kuongopa, na anaiomba kwake. Angekataa kwa nguvu gani, yeye aliyeanza?

Keren aliingia na mkoba wa shule mgongoni, akashangaa. "Papa, uko nyumba? Balikufukuza?"

Walimtazama wote wawili. Mtoto alikuwa amelisema kwa urahisi, kama jambo linalotokea kwa baba za watu.

"Hapana, chérie," alisema Ghislain. "Papa alisahau kintu."

Yolande alingoja mtoto aende chooni. Kisha akasema, "Fanya." Alipata nafuu, na nafuu ile ilimtia aibu hivi kwamba hakuweza kumwangalia mumewe.

*

Ijumaa walipanda tramu ya 82 pamoja, lakini Ghislain alishuka kituo kimoja mapema ili wasionekane. Walipokutana katika chumba cha mikutano alimpa mkewe mkono na kusema, "Bonjour, Madame," na Yolande akajibu, "Bonjour, Monsieur." Safari hii viti vilitosha, ila Yolande na Driss walisimama tena, kwa mazoea.

Martine alikaa kando ya wakili wake. Alikuwa mwanamke wa makamo, amepaka rangi ya midomo na haikukaa sawa. Jean-Marie alikaa pembeni kama alivyoahidi. Sabine alikuwa anachezea kalamu.

Ghislain alieleza vizuri. Alieleza ile tarehe inayojibadilisha, kurasa zinazojihesabu, na kwamba kompyuta ilichukulia kufungua ni sawa na kuandika. Alikiri kosa ni lake. Alionyesha ripoti za mfano, watu wakaelewa. Hata wakili aliandika. Kisha akafika kwenye ripoti yenyewe. Alisoma majina mmoja mmoja na baada ya kila jina alisema, "Hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa." Alilisema mara tano. Mara ya tano alikohoa, akalirudia.

"Alhamdulillahi," alisema Driss kwa sauti, na watu wawili wakacheka.

Madame Vercammen alishusha pumzi ndefu. Sabine alisema, "Nilisema mimi tangu mwanzo." Jean-Marie alimwitikia Ghislain kwa kichwa, ameridhika, na Ghislain aliiona ile bahasha imesainiwa, aliiona kabisa. Wakili alifunga daftari lake akasema kwamba kwa upande wao, basi, suala la ripoti limekwisha.

Martine alikuwa bado anasoma karatasi iliyochapwa. "Siku tulivu," alisoma. "Amefariki kwa amani." Aliigeuza upande wa pili, ambako hakukuwa na kitu. "Nani alikuwa naye?"

"Timu yetu yote ilikuwa naye, Madame," Sabine alijibu.

"Sikuuliza timu. Naona majina matano hapa, na Monsieur huyu anasema hakuna hata mmoja aliyeandika kitu. Nataka kujua ni nani alikuwa ndani ya chumba. Aliogopa? Alisema kitu? Siku ile nilipokuja nilitaka kuuliza, na niliogopa kuuliza. Nilichukua redio nikakimbia." Alitafuta uso wa mtu chumbani. "Hakuna mtu?"

Hilo ndilo swali. Yolande alikuwa amelingojea koridoni na mikono mbele, na lilikuwa limechelewa wiki mbili, na limekuja siku mbaya kuliko zote. Alimwona Keren na mkoba mgongoni akisema balikufukuza. Alimtazama Ghislain, na Ghislain alitikisa kichwa, kidogo sana, hapana, tafadhali. Macho yake yalikuwa yanamwomba kama hayajawahi kumwomba kitu. Yolande alimpenda sana saa ile, na alimwogopea sana, na miguu yake ikatoka ukutani.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa naye mimi."

"Yolande," alisema Madame Vercammen.

"Alianguka karibu na dirisha, saa ya kahawa. Alitaka kuangalia mtu anayeegesha gari chini. Nilimlaza. Nilimwita muuguzi, akasema atakuja. Nilimwita tena." Hakuwa anamtazama Sabine, alikuwa amenyooka, anaongea na Martine peke yake, kama anavyosimama mtu wa kwao mbele ya jeneza. "Hakuja mpaka baba yako amekwisha. Niliandika siku tulivu kwa sababu niliambiwa niandike hivyo. Baada ya mazishi nikaandika mengine, ya kweli. Niliyaandika mimi, kwa mkono wangu."

Sabine alisimama. "Huyu anaongopa! Mhandisi ametuonyesha sasa hivi, hakuna alichoandika! Monsieur, mwambie!"

Watu wote walimgeukia Ghislain. Angeweza kusema kweli, hakuandika, na mkewe angeonekana mwanamke aliyechanganyikiwa, na bahasha ingesainiwa. Alimtazama Jean-Marie. Kisha alivuta kompyuta karibu, akaondoa ule mruko alioupanga jana, akakigeuza kioo kuelekea kwa Martine. Maneno yalitoka mekundu.

"Ni mke wangu," alisema. "Niliyaficha mimi. Alichoandika ndicho hiki."

Hakuna aliyepiga kelele. Madame Vercammen alichukua simu ya mezani, akairudisha, akaichukua tena. Jean-Marie alivaa koti lake polepole, akatoka bila kumtazama Ghislain, na Ghislain alijua kwamba ile bahasha imekufa. Driss alikuwa ameinamisha kichwa. Wakili alifungua daftari lake upya.

Martine alisoma mistari ile michache. Aliisoma tena. Kisha akasogeza kiti kilichokuwa tupu karibu yake, kile cha Jean-Marie, akakipigapiga kwa mkono, na Yolande akaketi, kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile.

"Haisemi alisema nini," Martine alisema.

"Aliniuliza kama umefika."

"Na wewe ulimwambia nini?"

Yolande alimgeukia.

"Nilimwambia nakusikia kwenye ngazi, unapanda," alisema. "Nilimdanganya, Madame. Hilo sikuliandika. Naomba unisamehe."